Muulizeni Nyange

Suhaib Talib hakuiamini barua ile tangu alipoishika bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, kisha juu ya gundi ikapigwa selotepu, na mtu hafungi bahasha mara mbili ila amekwisha kuifungua mara moja. Aliisoma amesimama uani kwao Ole, mbele ya majamvi ya karafuu. Alipoimaliza akaisoma tena, safari hii akianzia sahihi ya chini, kana kwamba uongo ungemtoroka kwa mlango wa nyuma.

Kamati ya Kumbukumbu ya Vita ilimjulisha kwamba Jumamosi, saa nne asubuhi, katika skuli ya Kojani, litatundikwa bamba la shaba kwa heshima ya marehemu Nyange Mwalim, aliyetunukiwa nishani ya ushujaa baada ya mripuko wa kiwanda cha mabomu, mwaka 1943. Kuhusu madai ya ndugu Suhaib kwamba nishani hiyo si ya Nyange, Kamati imemruhusu dakika tano za kusema mbele ya watu. Wasalaam. Hafiz, katibu.

"Dakika tano," Suhaib alimwambia mama yake. "Miaka themanini wamekaa na haki yetu, sie tunapewa dakika tano."

Mama yake, Moza, alikuwa amekaa kwenye kibao akitenga karafuu na makonyo. Hakuinua uso. "Si umeandika barua tatu ukiwataka wakupe nafasi? Wamekupa."

"Ndiyo nikashangaa. Mbili za mwanzo hawakujibu. Ya tatu wamejibu ndani ya wiki, tena kwa adabu. Kwa nini?"

"Labda wamechoka na barua zako."

"Kuna kitu, mama. Watu hawawi wema bure."

Habari yenyewe Ole nzima iliijua. Wakati wa vita vya Hitla vijana watatu wa Pemba walikwenda kufanya kibarua bara, katika kiwanda cha kujazia mabomu. Mmoja alikuwa Ngwali Ame wa Ole, babu yake Suhaib. Wa pili Nyange Mwalim wa Kojani. Wa tatu Ahmada wa Chokocho. Asubuhi moja ya Ijumaa banda nambari nne liliripuka. Watu thelathini na mmoja walikufa, Ahmada akiwa mmojawapo. Nyange akarudi Pemba na nishani ya fedha yenye utepe. Ngwali akarudi na mikono yake tu: vidole vimegandana, ngozi imekuwa nyeupe mpaka juu ya vifundo, kama mtu aliyeichovya kwenye chokaa. Hakupanda tena mkarafuu. Hata tonge alilishwa na mkewe, mlango umefungwa.

"Sasa niambieni," Suhaib alizoea kuwauliza wenzake barazani, sauti ikipanda kila mara ilipofika hapo, "mtu anayewatoa wenziwe motoni huwatoa kwa nini? Kwa mikono au kwa kofia? Na mikono iliyoungua ilikuwa ya nani?"

Hakuna aliyewahi kumjibu. Wazee waliowahi kumpa mkono Nyange walisema mikono yake ilikuwa laini, haina hata kovu.

Na lilikuwapo lile neno. Kila Ngwali alipoulizwa kulitokea nini siku ile, alijibu vilevile: "Muulizeni Nyange." Mkewe alijibiwa hivyo. Mwanawe Talib, baba yake Suhaib, alijibiwa hivyo. Shehe wa msikiti alikuja kumuuliza siku moja baada ya sala, akajibiwa hivyohivyo, na Ngwali akajifunika shuka akageukia ukutani. Alifariki mwaka 1979 bila ya kuongeza hata herufi. Ole wakalielewa neno hilo kwa namna moja tu: huyu amedhulumiwa, hana shahidi, basi anamtaja aliyemdhulumu na kunyamaza. Talib akaishi nalo, akafa nalo. Suhaib akalirithi pamoja na mikarafuu kumi na minane, na katika vyote hivyo neno ndilo alilolipalilia zaidi.

Jumamosi asubuhi Moza alimfukizia kanzu yake. Alikitoa chini ya kitanda chetezo cha udongo, akatia makaa, akatupia ubani, akaitandaza kanzu juu ya moshi. Chetezo hicho kilifinyangwa na Bi Mwatum, mama yake Ngwali, aliyekuwa mfinyanzi, na kila chombo chake alikitia alama: chini ya ukingo akibonyeza kucha tatu. Ya kati ilikuwa kombo. Utotoni kidole chake kilipondwa na mchi, ukucha ukaota umepinda.

"Kilikuwa na mwenziwe," Moza alisema, kama alivyosema kila Idi. "Babu yako aliondoka nacho kwenda vitani, hakurudi nacho."

"Watakuwa nacho wao."

"Hata chetezo? Suhaib, mwanangu, ipo siku utamshuku paka wa jirani kwamba anatufanyia upelelezi."

Suhaib aliivaa kanzu ingali na joto, akatia karatasi zake tatu mfukoni, akapanda baskeli.

Kojani ni kisiwa; hakuna njia ya kufika ila kwa boti. Gatini Suhaib alimkuta mama mmoja wa makamo, mnene, amevaa buibui na viatu vya mpira, amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, anakula embe mbichi kwa chumvi. Alikuwa na bahasha kama yake. Suhaib aliitazama kwanza bahasha, ndipo akamtazama mwenyewe. Haikuwa na selotepu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Weye ndiye mjukuu wa Ngwali," mama yule alisema. "Usishtuke, umeandikwa usoni. Mie Mardhiya, wa Chokocho. Ahmada alikuwa babu yangu mzaa baba."

Suhaib akakaa kwa tahadhari. "Na nyie mna madai?"

"Ya nishani? Gawaneni wenyewe, mkitaka ikateni kwa msumeno." Alitema kokwa ya embe majini. "Mie nina swali moja tu, na nimelirithi kama weye ulivyorithi lako. Nani aliyetia moto? Baruti haijiwashi. Bibi yangu alibaki na mimba ya miezi minne, hakuletewa hata kitambaa cha kuzika. Akauliza mpaka akafa. Baba akauliza mpaka akafa. Wakubwa waliandika kwamba sababu haikujulikana." Alijifuta mkono kwa upande wa buibui. "Mtu alijua. Kati ya watu wote waliotoka mle wazima, mmoja alijua."

"Nyange," Suhaib alisema upesi.

"Labda. Au Ngwali wenu."

Suhaib alihisi damu imempanda masikioni. Angemjibu jawabu la kumfaa, ila boti ilikuwa imefika, na nahodha, kijana mwenye kofia ya kapero, alikuwa akipiga kelele: "Ingieni, ingieni! Wee mtu wa Ole, kanzu juu! Na ushike ubao, huku hakuna mizizi ya muhogo ya kushikia!"

Abiria wakacheka. Suhaib hakucheka. Alishika ubao.

Kojani walimpokea kwa bashasha iliyomtia wasiwasi. Katibu Hafiz, bwana mfupi mwenye miwani, alimshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia mpaka walipofika kivulini. Akaletewa soda baridi. Akaletewa na mkate wa kumimina. Suhaib aliitazama soda kwanza kama kizibo hakijachezewa.

"Watu wanakuja kidogo kidogo, tuna nusu saa," Hafiz alisema. "Bi Shadya anaomba umwone kabla. Binti yake Nyange. Nyumba ile pale, yenye mlango wa buluu."

Ndiyo hiyo, Suhaib alijiambia. Sasa nitabembelezwa. Nitaambiwa sisi sote ndugu, yaliyopita yamepita, chukua kitambaa cha kanzu unyamaze. Alizigusa karatasi zake mfukoni, akaenda kifua mbele.

Bi Shadya alikuwa mwembamba, miaka sabini na saba, amekaa juu ya mkeka anasuka ukili. Hakusimama, lakini aliacha kusuka.

"Shikamoo, bibi," Suhaib alisema. Salamu ilimtoka kwa shida.

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Mwana wa Talib?"

"Ndiye mie."

"Una pua ya Ngwali."

Suhaib alimkazia macho. "Bibi, ulipata kumwona babu yangu?"

"Sijapata kumwona. Baba alinieleza pua yake. Alinieleza kila kitu chake. Mtu akimsubiri mgeni maisha yake yote, humjua mpaka pua."

"Mgeni gani?"

"Yeyote kutoka Ole." Alivuta mkebe wa biskuti uliokuwa nyuma yake, umeshika kutu pembeni, akautia baina yao. "Barua yako ya tatu ndiyo iliyoletwa kwangu nisomewe. Mie ndiye niliyemwambia Hafiz akujibu. Alikwisha kuifunga bahasha, nikamwambia fungua, ongeza hizo dakika tano."

Selotepu. Suhaib alihisi kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta haukufungwa. Lakini hakulegea. "Nataka kuiona nishani."

"Imo humo. Ifungue."

Aliifungua. Ilikuwa duara ya fedha iliyofifia, utepe umekuwa rangi ya vumbi. Upande mmoja ulikuwa na maandishi ya kigeni. Upande wa pili umekwaruzwa ovyo, mistari juu ya mistari, mpaka chuma kimeingia shimo.

"Aha!" Suhaib aliinuka nusu. "Mmefuta! Mmefuta jina!"

"Keti. Jina liko ukingoni, lisome. Hapo palikuwa na kichwa cha mfalme. Mama alikikwangua kwa kisu cha kuparia samaki. Alisema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sura, na kama baba anampenda sana mfalme wake basi wakalale pamoja bandani kwa mbuzi."

Suhaib aliipeleka nishani kwenye mwanga wa dirisha. Herufi ukingoni zilikuwa ndogo, zimechongwa na mashine: NYANGE MWALIM. Alizipitishia ukucha moja moja akitafuta kama chini yake kulikuwa na jina jingine. Halikuwapo. Akairudisha mkebeni, moyo wake ukiwa haujaridhika hata kidogo.

"Jina huandikwa na anayeripoti," alisema. "Bibi, n'niwie radhi, lakini nitasema. Baba yako alikuwa na mikono kama ya bwana harusi. Babu yangu alikuwa hawezi kushika kijiko. Nani kati yao alitia mikono motoni?"

"Babu yako," Bi Shadya alisema.

Suhaib alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Jawabu lile halikuacha cha kubishia.

"Babu yako alitia mikono. Baba alitia mgongo. Mtu aliyezimia hubebwaje, baba? Humtupi mgongoni, ukamshika viganja vyake hapa kifuani? Moto ulikuwa nyuma, na waliobebwa nguo zao zilikuwa zikiwaka. Mikono ya baba haikuguswa, na alikuwa na tabia ya kuipaka mafuta ya nazi, watu wakamcheka. Mgongo wake uliuona nani? Alioga peke yake, alivua samaki akiwa na shati, alipokufa alikoshwa na mwanawe Mwalim, kaka yangu, kwa usia. Kaka alitoka kwenye kukosha maiti akatapika." Aliinua vidole. "Aliwabeba saba. Wa kwanza alikuwa Ngwali wenu."

"Wa kwanza?"

"Alikuwa mlangoni. Ndiye aliyekuwa karibu."

"Alikuwa anafanya nini mlangoni?"

Bi Shadya akatoa mkebeni kifundo cha kitambaa, akakifungua juu ya goti. Ndani mlikuwa na kigae cha udongo mweusi, upana wa kiganja cha mtoto.

"Banda lile nambari nne lilikuwa jipya," alisema. "Siku mbili baada ya kufunguliwa, mtu mmoja alianguka akatokwa na povu. Vibarua wakasema pana shetani. Watu wa kwetu watatu wale hawakutaka kuingia. Sasa weye niambie: nyumba mpya ikiwa na wasiwasi, duka jipya, chombo kipya kabla hakijashushwa majini, sie watu wa Pemba hufanya nini?"

Harufu ya kanzu yake mwenyewe ilimjia Suhaib puani, nzito.

"Getini walikuwa wakipekuliwa kiberiti na tumbaku," Bi Shadya aliendelea. "Lakini jiko la vibarua lilikuwa ndani ya uzio. Ngwali alichukua makaa jikoni asubuhi ile ya Ijumaa, akayatia chetezoni, akayafunika kwa kawa kama aliyebeba chakula. Alikusudia kufukiza mlangoni tu, asome Yasini, watu waingie roho zimetulia. Hakuna aliyewaeleza kwamba ndani ya banda hata vumbi linalopeperuka ni baruti. Vumbi ndilo lililoshika. Liliwaka mikononi mwake kama radi. Baada ya hapo moto ukaingia ndani, na kati ya hapo na kishindo kikubwa ndipo baba alipowabeba wale saba."

"Uongo," Suhaib alisema. Alisema polepole, si kwa kupayuka kama alivyozoea. "Huo ni uongo mzuri, bibi, umepangwa ukapangika. Kigae ni kigae. Pemba nzima imejaa vigae."

"Kichukue basi, ukitazame."

Alikichukua kama anayechukua kitu cha mtuhumiwa. Upande mmoja umeungua ukawa kama kioo. Akakigeuza. Chini ya ukingo palikuwa na alama tatu za kucha. Aliweka ukucha wake katika ya kwanza, ukaingia. Akauweka katika ya tatu, ukaingia. Akauweka katika ya kati, ukakataa, ilikuwa kombo.

Nje watoto wa skuli walikuwa wakijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

"Baba alikiokota chini," Bi Shadya alisema, "akakichomeka kiunoni kingali cha moto, maana kingeonekana, Ngwali angenyongwa. Wakubwa waliwahoji wiki tatu. Baba aliapa hakuona kitu. Kiapo cha uongo. Akafunga siku tatu za kafara, na siku ya nne wakamwita wakamtunga nishani kifuani. Hakuivaa tena. Mama alipoikwangua, baba alimshikia taa."

"Kwa nini hakusema? Kwa nini alikubali Ole nzima imwite mwizi?"

"Amwambie nani? Siri ilikuwa ya Ngwali. Kila msimu watu wa hapa huja kwenu kuchuma karafuu, si ndiyo? Walikuwa wakirudi wakimwambia baba, huko unaitwa mwizi wa nishani. Baba akiuliza: Ngwali mwenyewe anasemaje? Wakimwambia: anasema, muulizeni Nyange. Baba akitikisa kichwa. Akisema, basi ananituma. Yeye hawezi kulitamka, ananiachia mie. Watakuja kuuliza." Alianza tena kuusuka ule ukili. "Akakaa anakungojeni. Tangu mie mdogo, kila mtu akishuka botini ana vumbi jekundu miguuni, baba akinyanyuka. Hamkuja, baba. Mlikuwa mnaambiwa kwa Kiswahili kilichonyooka muulizeni Nyange, na hapana mmoja wenu aliyevuka kuja kumuuliza."

Suhaib alikaa na kigae mkononi. Alizikumbuka barua zake tatu. Katika zote hakuwa ameuliza kitu, alikuwa ameshutumu.

"Bi Mardhiya anajua?" alisema hatimaye.

"Hajui. Hunitazama machoni kila tukikutana msibani, nami huinamisha macho kama mwizi kweli." Akashusha sauti. "Na nikwambie na hili, halafu ulitie pale utakapoona. Ahmada ndiye aliyekuwa na hofu kuliko wote. Ndiye aliyemshika Ngwali kanzu, akamwomba afukize."

Hafiz alibisha hodi. Watu walikuwa tayari.

"Ukasimame pale ukamwite baba mwizi," Bi Shadya alisema, "mie nitanyamaza, kama alivyonyamaza yeye. Lakini hicho chukua. Mie sina mtoto. Nikifa atakuja mtu akitupe jaani. Kilikuwa cha nyumba yenu, kirudi kwenu. Na ukikiona kizito, unavuka bahari."

Skulini bamba lilifunuliwa, likasomwa, watu wakapiga makofi. Hafiz akatangaza kwamba kijana kutoka Ole ana neno; hata waliokuwa wakinunua ubuyu walirudi. Suhaib alipanda jukwaani. Alizitoa karatasi tatu, akazikunjua, akaziona sentensi zake zimejipanga kama askari: *wizi wa mchana, dhulma ya miaka themanini, nani asiyeijua mikono ya Ngwali.* Mstari wa mbele Bi Mardhiya alikuwa amekaa, mikono juu ya ndoo yake, hamtazami mwingine.

"Nilikuja na madai," Suhaib alisema. Kipaza sauti kilipiga mluzi, akangoja. "Sina madai. Nishani ni ya Nyange Mwalim. Sisi wa Ole tumemsema vibaya, na mie nimemsema kuliko wote. Naomba radhi kwa Bi Shadya."

Akashuka. Uvumi ukatambaa uwanja mzima. "Kalishwa nini huyo?" mtu mmoja nyuma aliuliza bila kujificha. "Aliitwa ndani kabla, hamkumwona?" "Nusu saa nzima!" "Ole hao, mwisho wao hununuliwa." Suhaib alisimama. Mkono ulijikunja ngumi wenyewe. Maisha yake yote hapakuwa na mtu aliyemwita mwenye kununulika na akalala salama. Akamtazama aliyesema, mzee wa kofia ya kitambaa, na katika macho ya mzee yule akakiona kitu alichokitambua upesi: kile kijicho cha pembeni alichokitumia yeye kuitazama bahasha, na soda, na ukingo wa nishani. Akakaa. Ngumi akaiingiza mfukoni, ikakutana na kigae.

Kurudi, boti ilikuwa na watu wachache. Nahodha alimtazama Suhaib, akafungua kinywa kumtania, akakifunga. Bi Mardhiya aliketi mbele yake, ubao kwa ubao, magoti yakikaribia kugusana.

"Umepata ulichokifuata?" aliuliza.

"Nimepata."

"Sijaamini." Alisema bila hasira, kama mtu anayesema samaki hajaiva. "Asubuhi ulikuwa unawaka. Umeingia kwa Bi Shadya, umetoka na uso wa mtu aliyefiwa. Kuna kitu mle. Kila ninapokwenda pale nakinusa, na leo nakinusa kwako."

"Huo ni ubani, Bi Mardhiya. Mama aliifukiza kanzu."

"Unajua sisemi kanzu."

Mashine ilinguruma. Maji hapo katikati yalikuwa ya kijani, hayaonyeshi chini. Suhaib aliweka mkono nje ya boti kama anayetaka kuuosha. Kigae kilikuwa ndani ya kiganja. Angefungua vidole tu. Hakuna ambaye angesikia; kingezama, na mikono ya Ngwali ingebaki mikono ya shujaa aliyedhulumiwa, na yeye angerudi barazani Ole, aseme walimhadaa, aseme chochote. Pale pale akajiona atakavyokuwa baada ya hapo: kila akikutana na mtu wa Chokocho, macho chini. Nyange aliyabeba hayo kwa ajili ya mwenziwe. Yeye angeyabeba kwa ajili ya nani?

Akaurudisha mkono ndani ya boti. Juu ya ulimi wake palikuwa na utetezi umejaa tele: hawakuelezwa habari za vumbi, alikusudia kheri, na babu yako wewe ndiye aliyemwomba. La mwisho lilikuwa tamu kuliko yote. Alilimeza.

"Umesema bibi yako aliuliza nani aliyetia moto," alisema.

"Mpaka akafa."

Suhaib alikiweka kigae katika kiganja cha mama yule, na kwa vidole vyake viwili akavifunga vidole vya Bi Mardhiya juu yake, asije akakiangusha boti ikipigwa na wimbi.

Bi Mardhiya alivifungua. Alikigeuza huku na huku, akakinusa, akapitisha kidole gumba juu ya zile alama.

"Nini hichi?"

"Chetezo."

Alimtazama muda mrefu, na Suhaib hakuinamisha macho.

"Cha nani?"

"Chetu," alisema Suhaib.